Kibao Chenye Pande Mbili

Kambi ya Dzaleka, Malawi, alasiri

Nella mwanangu,

Salamu sikupi, maana uko nyuma ya ukuta huu huu ninaouegemea. Nakusikia. Unakunja nguo, unamuuliza mama yako kama kitenge cha kijani kimekauka, halafu unakohoa. Mama yako anasubiri umalize, kisha mnaendelea. Mimi nimekaa humu kwenye ukumbi wangu wa kuonyesha mpira, mabenchi matupu, kalamu nimeazima kwa mdogo wako, na ninaandika haraka kwa sababu umeme ukirudi anaweza kuja mtu kuuliza kama leo kuna mechi, na nikianza kuongea na mtu mwingine nitapoteza ujasiri.

Kesho asubuhi unapanda minibasi kwenda Lumbadzi, na kutoka Lumbadzi kwenda Area 25, mjini Lilongwe, kukaa kaunta kwenye ile baa na kupokea hela za wanywaji. Mambo ya njiani, ya kuficha simu, ya kumheshimu mama mkubwa utakayelala kwake, mama yako amekueleza tangu juzi na wewe umeitikia kila neno kwa sauti ya mtu asiyesikiliza. Sitarudia. Mimi nina jambo moja tu, na kulisema kwa mdomo kumenishinda. Kila nikianza unaniangalia kwa yale macho ya bibi yako, basi naanza kuzungumzia hali ya hewa.

Usiende, Nella. Jambo lenyewe ni hilo. Nimeliweka mapema ili ukichoka kusoma uwe umeshalipata.

Najua utanijibu nini. Ulinijibu juzi, umesimama mlangoni na ndoo ya maji kichwani, hata hukuitua. "Papa, mi siendi kule kufurahi. Posho inaisha mbele mwezi iishe, batoto banalala njaa, na humu mwako hakuna muntu anaingia. Nani atatulisha? Kile kibao?" Ukacheka, na kicheko kikageuka kikohozi, maji yakakumwagikia mabegani.  Sasa nina karatasi mbele yangu, basi naandika.

Kibao chenyewe kiko mbele yangu. Historia yake unaijua kuliko mimi, maana wewe ndiye uliyekitengeneza. Ulikuwa bado shule ya msingi. Walikuja watu wa afya kuwaambia kwamba anayekaa karibu na mvutaji naye anavuta, hata kama hajawahi kushika sigara, na kwamba pahali panapokusanya watu hapafai kuwa na moshi. Ulirudi nyumbani umefura kwa hasira. Ukachukua debe la mafuta ya msaada, ukalipasua, ukalinyoosha kwa jiwe mpaka majirani wakalalamika kelele, ukaomba rangi ya bluu iliyobaki walipopaka mlango wa kanisa. USIVUTE SIGARA HUMU. Kwa Kiswahili juu, Kirundi katikati, Kichewa chini. Ukakitundika mwenyewe kando ya televisheni.

Nilikusifu mbele ya watu. Nilitamba kwamba huyu binti atakuwa daktari. Na ilipofika Jumamosi ya mechi kubwa, nikakigeuza.

Sikukitupa. Mimi si mtu wa kutupa kazi ya mtoto wangu. Nilikigeuza tu, nikaandika ratiba ya mechi kwa chaki upande wa pili, kwa sababu ulikuwa msafi na bati jingine sikuwa nalo. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Siku za katikati ya wiki, ukumbi ukiwa na watoto wanaotazama filamu za karate, kibao kiliwatazama watu. Jumamosi kilitazama ukuta. Wewe ulikuwa unaingia na birika la chai, unakiangalia, unaniangalia mimi, halafu unaanza kumimina. Hukuwahi kusema neno, na mimi nilifurahi kwamba hukusema.

Nilimwogopa Mzee Salumu. Unajua ukumbi wake ulivyo, hapo ng'ambo ya barabara. Mtu wa Kindu, mfanyabiashara tangu tumboni mwa mama yake, sigara haigusi hata kwa kidole, lakini mlangoni kwake zinauzwa moja moja na ndani watu wanavuta wanavyotaka. Nikiwakataza mimi, watavuka barabara. Hesabu yangu iliishia hapo. Sikuhesabu kwamba wewe ulikuwa unakaa ndani saa zote hizo, karibu kabisa na televisheni, na madirisha nimeyaziba kwa plastiki nyeusi kama kumbi zote zinavyoziba, kwa sababu mwanga ukiingia picha haionekani na watu wanadai hela zao. Moshi ule ungetoka nje kupitia wapi? Jioni mama yako alikuwa anakuosha nywele, anazinusa, anaosha tena.

Ukaanza mafua yasiyopona. Nikasema ni baridi ya huku Dowa. Nikaenda kwenye kaunjika, zile nguo za mitumba, nikakununulia sweta, lile zito la rangi ya maziwa, nikajiona baba mwenye akili. Ulilivaa mpaka kwenye jua la Oktoba kwa sababu papa amelinunua. Walipotuambia zahanati kwamba ni pumu, na kwamba moshi ni adui yako, nilikuambia usogeze kiti chako karibu na mlango. Kiti, Nella. Moshi ukabaki na wateja, wewe ukasogezwa kiti, na siku za mechi kubwa watu wakijaa, kiti kikarudishwa pale pale.

Siku ile hatujawahi kuizungumza, wewe na mimi. Mama yako ameizungumza vya kutosha kwa niaba yetu. Lakini unaondoka kesho, na sitaki uende ukidhani sikukuona.

Nilikuona. Bao lilikuwa limeingia, watu wote wamesimama, moshi umekuwa mzito mpaka televisheni ina ukungu. Katikati ya miguu ya watu nikakuona umekaa, mdomo wazi, unapiga meza kwa kiganja. Nikafikiri unashangilia. Nikakunyooshea dole gumba. Nilicheka, mwanangu, nilifurahi kwamba hatimaye binti yangu ameupenda mpira. Waliokuwa karibu nawe wakaanza kupiga mabenchi kufuata mkono wako. Ukumbi mzima ukawa ngoma, na wewe ndani yake unaomba hewa. Kama birika lisingepinduka na kumwunguza mguu yule fundi cherehani, akapiga yowe, tungeendelea. Ni yowe lake lililotugeuza. Wewe hukuwa na sauti ya kupiga yowe.

Njia nzima ya kwenda zahanati nilikimbia kando ya kabaza, nimekushika mgongo usianguke nyuma ya baiskeli. Mwendeshaji alikuwa anapiga kengele na kulia. Kichwa chako kilikuwa kinanigonga begani na midomo yako ilikuwa na rangi ambayo sitaki kuiona tena kwa mtu ninayempenda. Wakakuwekea hewa ya mtungi, kisha gari likakupeleka hospitali mjini Lilongwe. Mama yako alipofika alikuwa ameshasimuliwa kila kitu. Aliniambia mbele ya wauguzi, "Mutoto alikuwa anaomba hewa, we unamuonyesha kidole." Tangu siku hiyo ananisemesha kupitia kwa wadogo zako. Mwambieni baba yenu chakula kiko tayari. Simlaumu.

Kesho yake nilichana plastiki zote za madirisha kwa mikono. Nikageuza kibao. Nikasimama mlangoni nikawaambia wateja wangu kwamba humu hakuna moshi tena, anayetaka kuvuta avutie mbali, hata dirishani sitaki. Walidhani ni mzaha wa mtu aliyechanganyikiwa. Mmoja akaniuliza, "Papa Nella, hapa iko sinema ao iko kanisa? Bantu banakuja kupumzika, we unabatia sheria!" Waliendelea kuja wiki mbili tatu, kwa huruma. Halafu wakavuka barabara. Hata fundi cherehani, aliyebaki na kovu la chai yetu, alivuka.

Mzee Salumu mwenyewe alikuja kunipa pole, na pole yake ilikuwa ya kweli. Alikaa hapa nilipokaa mimi sasa. "Ndugu yangu, moshi hata mi siipendi," akasema. "Lakini tukikataza wote pamoja, njo itawezekana. Ukikataza peke yako, watoto wako njo batalipa." Nikamwambia basi tukatae wote. Akaangalia viatu vyake. Akasema atafikiri, na bado anafikiri.

Mimi mwenyewe sigara niliiacha siku ile ile. Hapana, nisikudanganye. Niliiacha siku ile, nikairudia nyuma ya choo, nikaiacha tena wewe uliponusa mikono yangu na kuondoka bila kunisalimu, nikairudia, nikaiacha. Ya mwisho ilikuwa kabla ya mvua. Mpaka leo nikisikia kiberiti kinawashwa mate yananijaa mdomoni. Nakwambia hili ili ujue kwamba wale watu wa Area 25 hawataacha kwa kukuonea huruma. Mimi ni baba yako na ilinichukua muda wote huo.

Ukumbi ulipokauka nikaenda Mponela kutafuta ganyu, kibarua cha siku. Ganyu gani majira yale? Tumbaku. Nilikaa kwenye ghala nikichambua majani, ya rangi hii huku, ya rangi ile kule, na kuyafunga mafungu. Vumbi lake linakaa kooni siku nzima. Nikacheka peke yangu mle ghalani, jirani akaniuliza kuna nini, nikamwambia hakuna. Nikirudi jioni ulinitaka nivue shati nyuma ya uzio wa bafu na nioge kabla ya kukusogelea. Nikaoga, nikajisugua kwa mchanga, na bado usiku ulibanwa kifua. Nilipoona hivyo sikurudi tena Mponela. Na nilipoacha kazi mimi, wewe ukaanza kutafuta.

Unaona nilivyotufikisha? Niliuacha moshi humu ndani miaka yote ulipokuwa mdogo, na nilipouondoa, njaa ndiyo inayokupeleka ukautafute mjini. Nimeligeuza jambo hili kichwani mpaka kichwa kinauma, na kila upande ninaoshika umevunjika.

Jumatano nilisema nakwenda Lumbadzi kuuliza kebo ya televisheni. Nilikwenda Area 25. Nilitaka kuiona hiyo baa kwa macho yangu, nikitumaini ina veranda, ina upepo. Ni chumba kimoja kirefu, Nella. Dari lake naamini lilikuwa jeupe, sasa lina rangi ya chai. Kaunta iko katikati, imezungushiwa nondo, na ndani ya nondo kuna stuli moja. Juu ya stuli, ukutani, kuna kibao. Kizuri, cha kuchapwa, kina picha ya sigara iliyokatwa kwa mstari mwekundu. Chini yake mzee mmoja alikuwa anakung'uta majivu kwenye kizibo cha chupa.

Nikaomba kumwona meneja. Kijana wa heshima, alinipa kiti. Nikamwambia mimi ni baba wa yule binti anayeanza Jumatatu, ana kifua kibovu, na nimeona watu wanavuta. "Lakini bambo, kibao tunacho," akanijibu, hata kunifokea hakunifokea. Nikamwuliza kama kuna anayekitii. Akatabasamu. "Wakaguzi wakija tunawaambia watu watoke nje. Wakishaondoka, wateja ni wateja." Nilitaka kumkasirikia na hasira haikuja. Nilikuwa najiangalia mimi mwenyewe, ila yeye shati lake limepigwa pasi.

Nikamwomba akuweke jikoni. Hapana, jikoni kumejaa. Mlangoni basi. "Pepani, bambo," akaniomba radhi, "kaunta ndiyo ile." Nikaomba kazi hiyo niifanye mimi. Akacheka kidogo kwa adabu, akasema wateja wanapenda kuhudumiwa na binti. Nikamwuliza aliyekuwa anakalia ile stuli kabla yako ameenda wapi. Akasema amerudi kwao, alikuwa na mafua yasiyoisha.

Nusura nimwulize kama kuna mtu aliyemnunulia sweta.

Na ukibanwa pale utamlalamikia nani? Mmalawi anaweza kwenda kwa mkaguzi, akasema sheria ipo, kibao kipo, na bado wananivutia usoni. Wewe mkimbizi hata ruhusa ya kukaa mjini huna. Meneja anajua hilo. Aliniambia kwa upole kabisa kwamba watu wa kambini ni wafanyakazi wazuri kwa sababu hawana maneno mengi.

Nilirudi nikiwa nimeshafanya uamuzi wa mwendawazimu. Wewe ndiye uliyeuona jana, kabla sijapata nafasi ya kuueleza. Nilikigeuza kibao. Nikafuta vumbi, nikaandika ratiba ya Jumamosi kwa chaki, kwa herufi nzuri kabisa. Nilifikiri, heri moshi uwe hapa siku moja kwa wiki, wewe ukiwa kwa jirani na mlango umefungwa, kuliko uwe kule kila siku ukiwa ndani ya nondo. Watu wangerudi, unga ungepatikana, na wewe usingekuwa na sababu ya kuondoka. Uliingia, ukasoma ratiba mpaka mwisho. Ukaniuliza nani sasa ataleta birika. Tulijua wote wawili kwamba ni mdogo wako anayekufuata, wengine hawawezi kulibeba. "Basi mi naenda juu yake, asibebe birika," ukasema. "Nikikuta umegeuza tena, Papa, sirudi hapa. Hata nikikufa, banizike kule." Ukafuta chaki kwa kiganja chako, ukakohoa lile vumbi, ukatoka.

Hilo ndilo lililonikalisha chini niandike. Nimeishi kambini miaka mingi, nimefukuzwa kwetu Rumonge, Burundi, usiku mmoja na sufuria mkononi, na hakuna aliyewahi kunitisha kama ulivyonitisha wewe na ule mkono mweupe wa chaki. Ninaogopa, mwanangu. Ninaogopa kuliko ninavyoweza kuonyesha mbele ya wadogo zako.

Asubuhi ya leo, wewe ukiwa bombani, nimekwenda kwa fundi baiskeli nikaomba rangi nyeusi anayopakia fremu. Nimeandika upande wa pili. Maneno yako yale yale, lugha zote tatu. Mwandiko mbaya, mstari wa Kichewa umeteremka mpaka ukaishia kona, na kidole changu kimeacha alama. Lakini umekauka. Sasa hata nikishawishika, hata Mzee Salumu akinunua televisheni kubwa kama ukuta, hakuna pahali pa kuandika ratiba. Nikigeuza ni yale yale. Mdogo wako hatabeba birika kwenye moshi, hilo nimekumalizia. Kama ulikuwa unakwenda kwa ajili yake, basi sababu moja nimekuondolea.

Njaa sijaiondoa. Nitakwenda kesho kuomba kazi ya kufyatua tofali, kuchimba vyoo, chochote kisichonuka jani. Nitamwendea Mzee Salumu tena, na safari hii sitakubali aangalie viatu. Nitawaendea wote wenye kumbi, mmoja mmoja, waniite mwendawazimu. Sijui kama inatosha. Huenda haitoshi, na wewe unajua kuhesabu kuliko mimi.

Nitaisukuma barua hii chini ya mlango wenu sasa hivi, uisome kungali na mwanga. Ukiisoma na kubaki, nitakula ugali mara moja kwa siku nikiimba. Ukiisoma na kwenda, sitakufungia mlango wala sitakulaani. Nitakubebea mfuko mpaka kwenye minibasi, na mama yako atanivumilia njia hiyo moja.

Lakini nisikilize kwa hili, Nella. Kule kuna televisheni, niliiona, iko juu ya friji, na Jumamosi watajaa. Ukibanwa usipige meza. Watadhani unashangilia, watapiga na wao. Inuka ungali na nguvu ya kuinuka, ziache hela zao pale pale kwenye kaunta, sukuma mtu yeyote aliye njiani, toka nje, panda gari lolote linalokuja huku. Usimuage meneja, usiombe ruhusa, usifikirie unga. Hata kama ni siku ya kwanza. Hata kama ni saa ya kwanza.

Mimi nitakuwa mlangoni naangalia barabara. Safari hii nikikuona umefungua mdomo na hakuna sauti, nitajua ni nini, nami nitakuja mbio.

Papa yako